KUMTAMBUA SHAKWE WA ZIWA NA NDUGU ZAKE: MAELEZO KWA WAKAZI WA VISIWANI NA WA PWANI YA SIMIYU

Wakazi wa visiwa vya Ukerewe na wenzao wa ng'ambo ya Ghuba ya Speke, katika Wilaya ya Busega, wanatumia maji mamoja, wanavua samaki wale wale na wanaruka juu ya vichwa vyao ndege wale wale. Ndege aliyelala juu ya jabali kisiwani usiku anaweza kuonekana asubuhi akizunguka juu ya dagaa walioanikwa pwani ya Busega. Kwa sababu hiyo, jambo linalowapata ndege upande mmoja wa ghuba halina budi kuwahusu wananchi wa upande wa pili.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, una wilaya tano, nazo ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kati ya hizo ni Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria. Hata hivyo, Bariadi, makao makuu ya mkoa, imeunganishwa na pwani ya Lamadi kwa barabara ya lami ya takriban kilomita 70. Njia hiyo huwachukua watu, samaki na kuku kila siku. Baadhi ya ndege wa ziwa nao hufika bara, wakafuata wadudu juu ya majaruba ya mpunga na maji juu ya malambo ya mifugo.

Madhumuni ya maelezo haya ni kumwezesha kila mvuvi, mkulima, mfugaji na mwalimu kumtambua shakwe wa ziwa letu, kumtofautisha na ndege wengine weupe wa majini, na kufahamu mahali alipowekwa na wataalamu wa elimu ya ndege. Jambo hili si la kujifurahisha tu. Kama itakavyoelezwa mbele, jina sahihi la ndege aliyeokotwa amekufa ufukweni laweza kuwa msaada mkubwa katika kuokoa kuku wa wilaya nzima.

1. NDEGE WA BAHARI KATIKA MAJI BARIDI

Katika vitabu vingi shakwe huelezwa kuwa ndege wa baharini. Mwananchi aweza kuuliza, na kwa haki, ndege wa bahari anafanya nini katika ziwa lililo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, mamia ya kilomita kutoka pwani ya Bahari ya Hindi.

Jibu ni kwamba shakwe hafungwi na chumvi bali hufungwa na riziki. Mwili wake una tezi maalumu karibu na macho ambazo huondoa chumvi iliyozidi, na hivyo aweza kunywa maji ya bahari bila kudhurika. Uwezo huo haumlazimishi kukaa baharini. Mahali popote penye maji mapana, samaki wadogo, mizoga, masalia ya wavuvi na jabali au kisiwa cha kutagia mayai, shakwe aweza kuweka makazi. Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina hayo yote kwa wingi.

Shakwe aliye wetu zaidi kuliko wengine ni yule mwenye kichwa cha kijivu, ambaye katika maelezo haya ataitwa shakwe kichwa-kijivu. Yeye ni mwenyeji wa maziwa ya Afrika na pia huonekana katika pwani mbalimbali za bara hili, Madagaska, na hata ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki katika Amerika ya Kusini.

2. ALAMA ZA SHAKWE KICHWA-KIJIVU

Ndege huyu ana urefu wa sentimita 40 hivi toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na akitandaza mabawa upana wake hupita mita moja. Kwa umbo ni ndege aliyejaa kifua, mwenye mabawa marefu na mkia ulionyooka mwishoni bila panda.

Alama za ndege mzima katika majira ya kuzaliana ni hizi zifuatazo:

(a) Kichwa ni cha kijivu kilichopauka, mithili ya kofia iliyovutwa hadi kooni, na ukingo wa kofia hiyo huwa wa kijivu kilichokolea zaidi. Shingo na tumbo ni nyeupe.

(b) Jicho ni la manjano iliyopauka, limezungukwa na duara jembamba jekundu. Alama hii ni muhimu mno, kwa kuwa wengi wa shakwe wengine wadogo wanaoweza kufika hapa wana jicho jeusi.

(c) Mdomo na miguu ni myekundu.

(d) Mgongo na sehemu ya juu ya mabawa ni kijivu. Ncha za mabawa ni nyeusi zenye madoa meupe. Upande wa chini wa mabawa ni wa kijivu cha giza, nao huonekana vizuri ndege anapopita juu ya mtumbwi.

Nje ya majira ya kuzaliana kofia ya kijivu hufifia. Hubaki kivuli hafifu kichwani na doa nyuma ya jicho. Wengi hudhani kwamba huyu ni ndege mwingine, kumbe ni yule yule aliyebadilisha manyoya. Wakati huo mtazamaji asitegemee kofia, bali jicho la manjano na weusi wa chini ya mabawa.

Kinda aliyeanza kuruka hutatanisha zaidi. Kichwa na mabawa yake yana rangi ya hudhurungi, mkia una utepe mweusi mwishoni, na mdomo umepauka ukiwa na ncha nyeusi. Humchukua muda wa miaka miwili hivi kuvaa manyoya ya utu uzima. Kwa hiyo katika kundi moja lililotua juu ya mchanga mtu aweza kuona mavazi matatu au manne tofauti, na wote wakawa ndege wa aina moja.

Shakwe huyu hutaga kwa makundi, aghalabu katika visiwa vidogo, juu ya majabali au penye matete, mahali ambapo wanyama walao nyama hawafiki kwa urahisi. Kwa kawaida mayai huwa mawili au matatu, yenye rangi ya udongo na mabaka, hata mtu aweza kuyakanyaga asiyaone.

3. NDEGE WANAOFANANA NAYE

Katika mazungumzo ya kila siku, watu wengi humwita shakwe kila ndege mweupe anayeruka juu ya maji. Jina hilo likitumika hivyo huwakusanya ndege wa jamii mbalimbali wenye mienendo isiyofanana. Wafuatao ndio wanaochanganywa naye mara nyingi.

Shakwe mgongo-mweusi. Huyu ni mkubwa zaidi, wa zaidi ya nusu mita kwa urefu. Mgongo wake ni wa kijivu cha giza au mweusi kabisa, miguu ni ya manjano, na mdomo ni wa manjano wenye doa jekundu upande wa chini. Hazaliani hapa. Baadhi yao huzaliana kandokando ya Bahari ya Baltiki, hususan Finland, na husafiri hadi Ziwa Victoria kuikimbia baridi ya kwao. Makinda yake ni ya hudhurungi yenye mabaka, nayo hutambulika kwa ukubwa wao.

Shakwe kichwa-cheusi. Huyu naye ni mgeni kutoka Ulaya na Asia, na anakaribiana sana kwa ukubwa na shakwe wetu. Wakati anapokuwa kwetu kichwa chake huwa cheupe chenye doa jeusi nyuma ya jicho. Jicho ni jeusi, na ukingo wa mbele wa bawa una mfuo mweupe mpana unaoonekana kwa mbali.

Buabua. Hawa ni jamii ya karibu ya shakwe, lakini ni wembamba na wepesi zaidi. Mabawa yao ni membamba yaliyochongoka, mdomo umenyooka na kuchongoka, na miguu ni mifupi. Buabua wadogo wa ziwani mara nyingi huruka wakiwa wameuelekeza mdomo chini kwenye maji, ambapo shakwe huangalia mbele. Katika Ghuba ya Speke wanastahili kutajwa watatu:

(a) Buabua mabawa-meupe, mwenye urefu wa sentimita 20 hadi 24 tu. Huzaliana Ulaya ya Mashariki na Asia, na hukaa kwetu tangu mwezi Septemba hivi hadi Aprili. Kwa sehemu kubwa ya muda huo ni mweupe chini na kijivu juu, akiwa na weusi utosini unaoshuka nyuma ya jicho. Mwezi Aprili, anapojiandaa kurudi, mwili wake huanza kuwa mweusi na mabawa hubaki meupe, ndipo maana ya jina lake hudhihirika. Chakula chake kikubwa ni wadudu. Huyafuata makundi ya wale wadudu wadogo wa ziwani ambao hupanda juu kama moshi, na huingia bara hadi kwenye majaruba na mbuga.

(b) Buabua masharubu, mkubwa kidogo kuliko huyo. Anapozaliana huwa na utosi mweusi, shavu jeupe na tumbo la kijivu cha giza, hivyo shavu lake hufanana na sharubu jeupe. Huyu huzaliana pia katika Afrika ya Mashariki.

(c) Buabua mdomo-mnene, anayekaribia ukubwa wa shakwe. Mdomo wake ni mweusi na mnene kuliko wa buabua wengine, na miguu yake ni myeusi.

Yangeyange na mnandi. Yangeyange ni mweupe, lakini ana shingo ndefu na miguu mirefu, na huandamana na ng'ombe. Mnandi ni mweusi au wa hudhurungi, huzama kufuata samaki na huanika mabawa juu ya jabali. Hawa si jamii ya shakwe hata kidogo.

Mtu akikumbuka maswali matano hatapotea: Ukubwa wake ukilinganishwa na kuku au njiwa ni upi? Mdomo una umbo na rangi gani? Miguu ina rangi gani? Jicho ni la rangi gani? Mkia una panda au umenyooka? Rangi ya manyoya ifuate baada ya hayo, kwa kuwa manyoya hubadilika kwa majira na kwa umri.

4. MAHALI PAKE KATIKA UAINISHAJI

Wataalamu huwapanga viumbe kwa ngazi, kama ukoo unavyopangwa kwa mlango, nyumba na familia. Ngazi ya chini kabisa ya kawaida ni spishi, yaani viumbe wa aina moja wanaozaana wao kwa wao. Spishi zilizo karibu hukusanywa katika jenasi, jenasi katika familia, na familia katika oda. Jina la kitaalamu la spishi lina maneno mawili, la kwanza likiwa la jenasi na la pili la spishi yenyewe. Utaratibu huu kwa wanyama huhesabiwa tangu kitabu cha Msweden Linnaeus cha mwaka 1758.

Shakwe kichwa-kijivu alipewa jina la kitaalamu na Mfaransa Louis Jean Pierre Vieillot mwaka 1818, kutokana na ndege wa Brazili. Alimwita Larus cirrocephalus, kwa kuwa wakati huo shakwe karibu wote waliwekwa katika jenasi ya Larus. Mwaka 1837 Mwingereza William Swainson alimweleza ndege wa Afrika kwa jina la poiocephalus. Baadaye ilionekana kwamba tofauti za ndege wa mabara hayo mawili ni ndogo, haziwafanyi kuwa spishi mbili. Hivyo wale wa Amerika ya Kusini na hawa wa Afrika, pamoja na wa ziwa letu, huhesabiwa kuwa nususpishi mbili za spishi moja.

Kwa muda mrefu uainishaji ulitegemea mambo yanayoonekana kwa macho, kama vile manyoya, mdomo, mifupa na mayai. Mashakwe wengi wanafanana kwa rangi, na rangi peke yake ilishindwa kueleza nani ni ndugu wa nani. Mwaka 2005 watafiti Pons, Hassanin na Crochet walitoa matokeo ya kulinganisha chembe za urithi za shakwe wa sehemu nyingi za dunia. Ilidhihirika kwamba jenasi ya Larus, kama ilivyokuwa, iliwakusanya ndege wasiotoka katika shina moja la karibu. Shakwe wadogo wenye kofia, pamoja na baadhi ya jamaa zao wasio na kofia, walirudishwa katika jenasi ya Chroicocephalus, jina lililotungwa na Eyton mwaka 1836 na kuachwa kwa miaka mingi. Maana ya jina hilo ni kichwa chenye rangi.

Kwa hiyo jina linalokubaliwa siku hizi ni Chroicocephalus cirrocephalus. Mwananchi akikuta jina la Larus cirrocephalus katika kitabu cha zamani cha shule au cha maktaba, afahamu kwamba anayetajwa ni ndege huyu huyu. Shakwe mgongo-mweusi yeye amebaki katika Larus, kwa jina la Larus fuscus. Buabua mabawa-meupe ni Chlidonias leucopterus. Zamani buabua walipewa familia yao peke yao, lakini siku hizi wataalamu wengi huwaingiza pamoja na shakwe katika familia ya Laridae, ndani ya oda ya Charadriiformes.

Mabadiliko haya yasichukuliwe kuwa ni kigeugeu cha wataalamu. Jina la kitaalamu ni kama hati ya ukoo: likibainika kosa katika nasaba, hati hurekebishwa, na ndege hubaki alivyo.

5. JINA SAHIHI NA USALAMA WA KUKU

Mwezi Januari 2017 Serikali ya Uganda ilitangaza kuzuka kwa homa kali ya mafua ya ndege katika pwani ya Ziwa Victoria. Ndege wa porini walikutwa wamekufa kwa wingi karibu na Entebbe, na waliotajwa hasa ni buabua mabawa-meupe. Katika eneo la Masaka bata na kuku wa kufugwa walipatikana na ugonjwa huo. Kirusi kilichotambuliwa kilikuwa cha aina ya H5N8. Kenya ilizuia kuku na mazao ya kuku kutoka Uganda, na wafugaji wa huko walipata hasara.

Tukio hilo lilitokea upande wa pili wa ziwa hili hili. Buabua mabawa-meupe hatambui mpaka wa nchi, na anayeonekana leo Entebbe aweza kuonekana siku nyingine Ghuba ya Speke au juu ya majaruba ya Bariadi. Kaya nyingi za visiwani na za Simiyu hufuga kuku wa kienyeji wanaotembea huru, hunywa maji penye madimbwi na huokota chochote. Kuku hao ndio akiba ya ada za shule, ya mgeni na ya dharura. Ugonjwa ukiingia, akiba hiyo huweza kutoweka kwa siku chache.

Hapo ndipo jina linapokuwa na uzito. Taarifa ya kwamba "shakwe wamekufa" humwacha afisa mifugo gizani. Taarifa ya kwamba wamekufa ndege wadogo wa ukubwa wa sentimita 20 na kitu, wenye mdomo mweusi uliochongoka na weusi nyuma ya jicho, mwezi Januari, humweleza kwamba huenda ni wageni watokao mbali, na kwamba hatua za haraka zinahitajika.

Aidha, si kila kifo cha ndege ni mafua. Ziwa hili limewahi kuonja balaa la uvuvi wa sumu. Mwezi Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kufuatia habari za matumizi ya sumu katika uvuvi. Shakwe kichwa-kijivu hula mizoga na masalia ya samaki, na mnandi hula samaki. Buabua mabawa-meupe hutegemea zaidi wadudu. Wakifa mnandi na shakwe pamoja na samaki kuelea, huku buabua wadogo wakiwa wazima, mtaalamu atakuwa na sababu ya kuiwaza sumu mapema. Dalili hiyo si uthibitisho, kwani uthibitisho hutoka maabara tu. Lakini huonyesha mahali pa kuanzia, na husaidia kuwaonya watu wasile samaki hao.

6. NAMNA YA KUTOA TAARIFA

Mwananchi anayewakuta ndege wa majini wamekufa au wanayumba anaombwa kufanya yafuatayo:

(a) Asiwaguse kwa mikono mitupu, asiwale, asiwauze wala kuwapa mbwa. Watoto wazuiwe kuwachezea. Aliyewagusa anawe kwa sabuni na maji mengi.

(b) Atoe taarifa mapema kwa Mtendaji wa Kijiji au Kata, au kwa afisa mifugo au afisa wanyamapori aliye karibu.

(c) Ataje mahali, tarehe na idadi ya ndege. Aeleze ukubwa, mdomo, miguu, jicho na mkia kwa kufuata maswali matano yaliyotajwa, pamoja na mabawa. Picha ya simu iliyopigwa kwa karibu bila kumgusa ndege yafaa sana, hasa ikionyesha kichwa, miguu na upande wa chini wa bawa.

(d) Aeleze kama wamekufa ndege wa aina moja au aina nyingi, na kama kuna samaki wanaoelea au kuku waliokufa jirani.

(e) Kuku na bata wafungiwe mbali na ufuko au lambo hadi ushauri wa mtaalamu utakapotolewa. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, magonjwa ya namna hii si siri ya mfugaji, na kuficha ni kuwaumiza majirani.

Iwapo ndege ana pete ya chuma au ya plastiki mguuni, namba na maandishi yake yaandikwe au yapigwe picha. Pete hizo hufungwa na watafiti, na kwa njia hiyo ndege aliyefungwa pete Ulaya huweza kujulikana kuwa alifika Busega au Ukerewe. Pete si hirizi, wala ndege huyo si wa mtu. Afisa wanyamapori ataziwasilisha habari hizo kwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania.

Vilevile wananchi wanakumbushwa kwamba kuwinda ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Hofu ya ugonjwa isiwe kisingizio cha kuwapiga mawe ndege wazima au kuvunja mayai yao visiwani. Kulivuruga kundi la ndege wagonjwa huwatawanya waende kwingine, na ugonjwa huenda nao.

Walimu wa shule za visiwani na za Mkoa wa Simiyu wanaombwa kuwasomea wanafunzi sehemu ya 2 na ya 3 ya maelezo haya, kisha wawapeleke ufukweni au penye lambo kuangalia kwa macho yao. Mtoto anayejua jicho la shakwe lina rangi gani ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona kwamba mambo hayako sawa.